Kilemba cha Zambarau

Signora Nerina alikuwa na miaka themanini na tatu, lakini ulimi wake ulibaki na kumi na tisa. Ndio umri aliopatia filamu yake ya kwanza huko Roma. Alicheza filamu tisa, na katika tano alikufa. "Walipenda nife," aliniambia kwa Kifaransa, lugha yetu katika saluni yangu. Alipochoka kufa akahamia kwenye michezo ya jukwaani Milano, miaka ishirini, hadi mhandisi mmoja alipomwoa akamleta Durban. Tangu hapo hakupanda jukwaa tena.

Jumamosi ile alikuwa apande, peke yake, nusu saa, katika ukumbi wa parokia hapa mtaani Umbilo.

"Nikishindwa leo, Marcelline, basi. Sitajaribu tena."

Asubuhi nzima nilihangaika na nywele zake, chache kama za mtoto mchanga, mpaka zikajaa. Kichwa changu mwenyewe nilikuwa nimesuka upande mmoja tu, muda ukaniishia. Nyuma ya pazia nikatoa kitenge mkobani, nikajifunga kilemba.

Aliniona kwenye kioo, akaweka chini rangi ya mdomo. "Zambarau," alisema. "Siingii."

Nilidhani utani. Kumbe waigizaji wa kwao wanaiogopa rangi hiyo: ni ya Kwaresima, na zamani Kwaresima ikifika michezo ilifungwa, wakalala njaa. Nikakasirika, nakiri. Kwetu Bukavu padri anaivaa kila mwaka na hakuna anayekimbia. Nikataka kukigeuza, lakini kitenge cha wax ya kweli rangi yake ndani na nje ni moja. Kisha nikamwona anachukua koti lake.

Ukumbini walikaa wateja wangu wote, niliwaalika mwenyewe. Mganga hajigangi, sawa, lakini pia hautangazi ugonjwa wake.

Nikakivua. Nikaenda kukaa mstari wa mbele na kichwa changu kilivyo, aibu ikinichoma masikio.

Pazia lilipofunguka alisimama kimya mno, nikashika kiti. Akanitafuta kwa macho, akakiona kile kichwa, akatabasamu. Sauti ikaja. Hakukosa neno hata moja, nami nililia kwa furaha bila kujificha.

Watu wakipiga makofi, Lyse, jirani yangu wa duka la simu, akaniinamia sikioni kwa Kiswahili cha kwetu.

"Ma Marcelline, kichwa yako iko nusu."

"Najua," nilimjibu. "Nusu ingine iko pale mbele, banaipigia makofi."