Jumba la Jenerali Linalolia

Tulikuwa tumeshavuka daraja la mbao, na mbwa wa mwisho wa kijiji amechoka kutubwekea, ndipo Porfiri Yermolaich alipogeuka kulitazama jumba lake. Nilimwambia asigeuke. Akageuka.

"Kuba bado naliona," akasema.

"Keshokutwa hutaliona. Tazama mbele, bwana."

Maneno mabaya, najua. Lakini nilikuwa nimemfanyia kazi miaka tisa, nikimpigia lipu na kumchongea maua ya jasi kwenye dari zake, na kumwona mtu mzima analia juu ya mkokoteni kulinishinda.

Mambo yalikuwa hivi. Msanifu huyu, Porfiri Yermolaich Lyalin, alimjengea Jenerali Dolmatski jumba la vyumba sitini kando ya mto Luga. Alichora kila kitu kwa mkono wake, hadi vitasa vya milango. Mwezi wa tano jumba likakamilika, wenyewe wakahamia. Mwezi wa tisa upepo wa magharibi ukaanza kuvuma, na jumba nalo likaanza kulia. Sisemi mlio wa mlango. Lililia kama mwanamke aliyefiwa, mchana kweupe, wageni wako mezani na vijiko mkononi. Jenerali akaleta padri na maji ya baraka. Likalia. Akaleta wahandisi kutoka mjini, wakagongagonga, wakapima, wakasema huenda kuba limepasuka kwa ndani na upepo unapita humo. Mke wa jenerali akafunga masanduku, akahamia kwa dada yake. Basi ikatoka amri: Jumatatu kuba livunjwe, Lyalin aondoke, na barua iende kwa wakubwa Petersburg, asikabidhiwe tena jengo lolote, hata banda la kuku.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mchana tukafika kwa Ustinya, mjane mwenye nyumba ya wasafiri pale njia panda. Ndani kulikuwa na jiko jipya la matofali, kubwa la kupasha nyumba nzima joto, udongo wake bado mbichi. Na mezani, mikono myeusi hadi viwikoni, alikaa fundi aliyelijenga. Tulimjua. Paramon, mzee wa ndevu nyekundu, ndiye aliyejenga majiko yote thelathini na manne ya jumba letu. Mbele yake palikuwa na mkate uliojazwa samaki, uyoga wa chumvi, na chupa ya vodka. Sisi tukaletewa supu ya kabichi ya jana.

"Mama Ustinya," nikasema, "sisi tumetoka njiani na njaa, huyu ndiye anayekula kama askofu?"

"Kula unyamaze, Nikodim. Leo ndiyo anawasha moto wa kwanza. Unataka nyumba yangu iwe kama ile yenu?"

Kijiko changu kikasimama njiani.

"Iwe kama ipi?"

Ustinya akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Paramon akatazama dirishani, kana kwamba kuna kitu huko.

Mimi nimezaliwa nyika ya kusini, na kwetu majiko wanajenga wanawake, kwa udongo na samadi, kisha wanaendelea na shughuli zao. Sikujua desturi za huku kaskazini. Na Porfiri Yermolaich alisomea ng'ambo, yeye alijua nguzo za Warumi.

"Mama," msanifu akasema polepole, "nyumba yetu ina nini?"

"Jamani, kwani hamjui kweli?" Ustinya akatupa kitambaa. "Fundi wa jiko siku ya moto wa kwanza anapewa glasi yake na mkate, na anapewa na mwenye kazi kwa mkono wake. Asipopewa, anakuachia kitu kwenye dohani, kule moshi unakotokea. Hata watoto wa hapa wanajua!"

"Mbona hakuna aliyetuambia?" nikasema. "Jumba zima lina watumishi!"

"Mliwauliza?"

Hatukuwauliza.

"Lakini mimi nilimpa," msanifu akasema.

"Ulinipa nini, bwana?" Paramon akageuka hatimaye. "Hebu sema, mama huyu asikie."

"Nilikupa... chai. Na hati ya pongezi."

"Chai!" Ustinya akajifanyia ishara ya msalaba.

"Majiko thelathini na manne," Paramon akasema, "na mgongo wangu huu. Halafu mbele ya hawa wapaka chokaa unanipa kikombe cha chai na karatasi. Na kusoma sijui."

"Mimi si mpaka chokaa," nikasema.

"Wewe nyamaza, mpaka chokaa."

Porfiri Yermolaich alikuwa amekunja mikono mezani. "Mwaka wa pili wa ujenzi," akasema, "fundi seremala mmoja alipanda jukwaani amelewa. Alianguka mbele ya macho yangu. Niliapa pombe haitaingia tena kwenye jengo langu."

Paramon akaweka mkate chini. "Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza mbona jumba linalia. Nimekaa hapa wiki tatu nangoja."

Basi msanifu akasimama. Akamimina glasi hadi ukingoni, akaishika kwa mikono miwili, akainama hadi kiunoni. Mzee yule alimwacha ameinama muda mrefu kuliko lazima, mimi ni shahidi.

"Na mkate?"

Nikampa msanifu mkate, akamkabidhi fundi kwa mkono wake. Paramon akanywa, akafuta ndevu, kisha uso ukambadilika.

"Lakini nikipanda kwenye paa lile, jenerali atanicharaza viboko."

"Nitamwambia kosa ni langu."

"Utamwambia?"

"Ni langu kweli, fundi."

Tulirudi mbio, watu watatu kwenye mkokoteni wa wawili. Wavunjaji walikuwa wameanza kufunga kamba juu ya kuba wala hawakungoja Jumatatu. Jenerali alisimama ngazini, pamba masikioni, na jumba nyuma yake linalia.

"Nilikwambia uondoke!" akapiga kelele. Kwa sababu ya pamba alidhani sisi ndio viziwi.

Porfiri Yermolaich akaeleza yote kwa sauti ya juu, akijilaumu. Jenerali akachomoa pamba moja.

"Ulimpa nini?"

"Chai, mheshimiwa."

Akachomoa ya pili. "Chai? Mjenga jiko? Siku ya moto wa kwanza?" Akaketi ngazini, na nikadhani moyo umemshika, kumbe ni kicheko. "Nimepigana vita vitatu, sijaona ujasiri wa namna hiyo! Sikuwaza hata kidogo kuuliza. Nani angethubutu kumnyima glasi yake? Wewe mzee, panda! Na nyie, teremsheni hizo kamba!"

Paramon akapanda na kamba kiunoni. Kwenye dohani ya kwanza akavunja tofali, akatupa chini shingo ya chupa iliyokuwa imepachikwa humo, mdomo ukielekea magharibi ili upepo uipulize ilie. Akafanya vilevile kwenye ya pili. Jumba likaendelea kulia.

"Vipi?" msanifu akaita.

"Ngoja!" Mzee akakuna kichwa. "Niliweka tatu. Siku ile nilikuwa na hasira sana."

Ya tatu ikaanguka, ikapasuka uani. Upepo uliendelea kutuvuma usoni, miti ikiinama, na jumba likanyamaza kabisa. Tukasikia mtu jikoni akikatakata vitunguu. Porfiri Yermolaich akakaa juu ya rundo la matofali, akavua kofia, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Mke wa jenerali alirudi wiki iliyofuata. Jenerali alikufa baada ya miaka miwili, mke akaliuza jumba, likawa shule ya mabinti. Lyalin alijenga nyumba nyingine nne na hospitali moja, akafa kwa homa ya mapafu huko Pskov. Ustinya aliolewa na mchuuzi wa ngozi, wakahamia Novgorod. Paramon macho yalimharibika, akaenda kuishi kwa binti yake. Mimi niliondoka kabla ya theluji kuyeyuka, nikazunguka miji mingi, na sasa niko Taganrog, napiga lipu kidogo kidogo, ingawa mkono wa kushoto haunyanyuki tena.