Upande wa Akina Mama

Mwaka wa 1956 Zedekiah, msomaji wa kanisa moja la Riruta, alipatwa na kiharusi, na upande wa kushoto ukamtoka akilini. Macho yalikuwa mazima, ila hakujua kwamba huko kuna kitu. Jumapili aliyorudi mimbarini aliwasalimu wanaume, walioketi kuume kwake, akawaruka wanawake wote wa kushoto. Wanawake wakanuna. Wazee wa kanisa wakampa mwezi mmoja: asipoweza kuliona kanisa zima, amwachie mwingine kazi.

Kwa agizo la muuguzi, mkewe Peres alimfunga uzi mwekundu katika mkono wa kushoto. Kila asubuhi Zedekiah aligeuza shingo mpaka auone uzi, kisha aendelee mpaka amwone Peres aliyeketi kushoto zaidi.

“Leo umewahi, Baba Awiti,” Peres akasema. “Jana nilidhani umeoa mwingine huko njiani.”

Mwezi ulipotimia, Zedekiah alisimama mimbarini, akageuza shingo, akaupita uzi, akafika safu ya mwisho.

“Akina mama, hamjambo?”

Vigelegele vilivyomjibu vilikuwa virefu hata salamu aliyowapa wanaume baadaye haikusikika.