Minyoo ya Fundi Viatu

Humu chumbani niko peke yangu, jamani. Mlango wa kioo, dirisha halifunguki, na anayeingia anaingia kafunika mdomo kama mwizi. Damu yangu ina saratani, ndivyo walivyoniambia, na mwili umeishiwa nguvu za kujikinga. Hata mafua ya mtu mwingine yanaweza kunimaliza. Basi nakaa. Mimi nimeshona viatu maisha yangu yote, nimezoea mtu aje na soli iliyobanduka na maneno yake marefu. Humu hata wa kugombana naye sina.

Juzi wakachukua choo changu kwenda kupima. Mnisamehe, lakini ndiyo habari yenyewe. Walikuwa wanatafuta kama kuna damu. Damu hawakuiona, wakaona minyoo, hai kabisa, inajinyonganyonga! Daktari, binti mdogo tu, akaja kuniuliza, "Babu, ulikuwa unatembea peku?"

"Tangu utotoni."

"Hii huingilia nyayoni, na inaweza kukaa na mtu miaka na miaka. Utameza vidonge vyake kwanza, ndiyo tukupe ile dawa kali ya saratani. Tukiharakisha, minyoo itasambaa mwili mzima."

Nikasema sawa. Nikampigia dada yangu mkubwa kumpa habari. Yeye na wanangu walikuwa waje Jumamosi, wote, wanipungie mkono hata kwa kioo. Hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa inaniamsha asubuhi.

"Dada, wamenikuta na minyoo."

"Minyoo?"

"Ndiyo. Imepenyea miguuni."

Mara kicheko. "Wewe Msumari wewe! Fundi viatu mzima unaingiwa na minyoo miguuni! Si nilisema? Nilisema hiyo si saratani! Mtu kakondeshwa na minyoo, wanamtisha kwa majina makubwa!"

"Dada, ngoja kwanza..."

Angoje wapi! Nikamsikia anaita, "Njooni jamani, kumbe minyoo tu!" Vigelegele vikaanza. Kitinda mimba wangu, yule asiyecheka ovyo, nikamsikia anacheka.

Dada akarudi kwenye simu anahema. "Basi Jumamosi hatuji. Tutakusubiri hapa hapa nyumbani. Tuje kumtazama mtu anayemeza dawa ya minyoo?"

Nikinyamaza, wao watalala na furaha yao na mimi nitabaki na kioo changu. Nikisema, nitakuwa nimewamwagia maji baridi. Nikakaa na simu mpaka sikio likapata moto.

"Njooni tu," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kuniona."

"Una uzuri gani wewe wa kuonwa?"

"Dada. Minyoo ipo. Na saratani nayo ipo, haijaenda popote. Minyoo wameikuta tu, wakitafuta kitu kingine."

Nikasikia pumzi zake, na nyuma yake vigelegele vinaendelea, mtu anapiga sufuria.

"Ngoja niwanyamazishe," akasema.

"Waache."

"Msumari..."

"Waache kidogo, dada. Usikate simu."

Hakukata. Tukakaa hivyo, yeye kule, mimi huku, tunawasikiliza wanavyoshangilia.