Mwanangu wa Kwenye Simu

Mama yangu hakupenda hata kidogo kusikia mtu akisema "kupiga simu". "Mnaipiga imewakosea nini?" alikuwa akiuliza, na hapo mdomo keshaubinua. Kwake yeye simu iliunganishwa. Alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, enzi zile ukitaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine unamwomba mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, naye anachomeka waya hapa na pale mpaka mtu wako anaitika. Ilipokuja mitambo inayojiunganishia yenyewe, wakampa cheti na saa ya ukutani, akarudi nyumbani na maoni yake yote kuhusu simu, akatutwisha sisi watoto.

Na maoni alikuwa nayo, jamani. Ile sauti ya mashine inayosema mteja hapatikani ilimtia wazimu. "Asiyepatikana ni aliyepotea," anasema. "Huyu kazima tu. Waseme kazima." Simu za siku hizi, kwa mujibu wake, zina kila kitu isipokuwa adabu: mtu anaongea huku anatembea, anatafuna, anamkemea mtoto. Zamani mtu alipewa dakika tatu, akakaa kwenye kiti, akasema lililomleta. Kitu kimoja tu hakukitilia shaka maishani, nacho ni sauti. Sura aliziona kama nguo, mtu anabadilisha. Siku moja sokoni mzee mmoja alimsalimia kwa furaha kubwa. Mama akamkodolea macho, kisha akamwambia, "Samahani, baba, hebu nipe mgongo useme tena." Maskini mzee akageuka, akasema tena. "Ah! Mwalimu mkuu! Mkeo bado anakohoa?" Miaka kumi na minane alikuwa akimuunganisha na hajawahi kumtia machoni. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, kikapu mkononi, natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Nayasema haya ili ujue kwamba yaliyonikuta sikuyazua.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza kidogo kidogo. Sukari kwenye kabati la nguo, kiatu kimoja juu ya friji. Mimi ni msusi, saluni yetu iko mtaa wa tatu kutoka nyumbani, na mama nilikuwa nakaa naye mimi. Mume nilikuwa naye zamani, tusimseme. Basi nikafanya nililoliona la akili. Jirani alikuwa anamchungulia mara moja moja, na mimi nampigia. Saa mbili nimkumbushe dawa, saa saba chakula, saa kumi nimuulize tu anaona nini dirishani. Vidole vimo kwenye kichwa cha mteja, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Ikiita mara moja tu keshapokea. "Naam, mwanangu!" Wateja walikuwa wakisema, una bahati, mama yako ana sauti ya binti. Nami kichwa kikavimba. Jioni nikirudi nimechoka, namwekea chakula, naoga, nalala. Ya kusema tulishayamaliza kwenye simu. Tuliishi hivyo miaka miwili, na mimi najiona mtoto hodari.

Kisha siku moja akaokotwa barabarani na gauni la kulalia, anatafuta kituo chake cha kazi kilichobomolewa zamani. Nikasema basi. Kiti changu saluni nikamwachia mwenzangu, nikarudi nyumbani kukaa na mama yangu.

Wiki ya pili akaniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, umeletwa hapa na nani?"

Nikadhani ni mzaha wake. "Umenileta wewe, miaka arobaini na sita iliyopita. Tena ulilalamika kichwa kikubwa."

Hakucheka. "Na mwanangu anajua kama upo?"

Nilimwambia ni mimi, mama, mimi ndiye mwanao, niangalie. Akanipigapiga mkono, "Ndiyo, ndiyo," vile mtu anavyomkubalia mlevi ili yaishe. Kutwa nzima akawa anakaa na simu mapajani, anaifuta kwa pindo la gauni. "Mwanangu hapigi tena," akamwambia jirani. Alisema hapigi, kwa kinywa chake mwenyewe, na hakugutuka. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Kaka yangu ni dereva wa malori. Tunamwita Nusu Saa, kwa sababu kila ukimuuliza yuko wapi, amebakiza nusu saa afike. Yeye ana dawa ya kila kitu na dawa zake zote ni za kuchaji. "Mpigie ya picha," akasema. "Aone sauti na sura pamoja, azoee." Nikaenda jikoni, nikampigia ya picha. Loo! Nilisikia ukelele, "Toka! Kuna mtu ananichungulia!" Nilipokimbilia sebuleni nilikuta simu iko chini ya mto na yeye ameukalia.

Nilipompigia Nusu Saa kumsimulia, akacheka, nikamtukana. Mimi sina dogo, nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Kisha nikamsikia analia huko barabarani, dume zima na lori lake. "Mimi kwenye simu bado ananijua," akasema. "Unadhani kwa nini sijaja miezi mitano?"

Basi nikaenda kwenye korido, nikafunga mlango, nikampigia mama simu ya kawaida, isiyo na picha.

"Naam, mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Kati yetu kulikuwa na mlango mmoja wa mbao. Nilikaa chini sakafuni. Kwenye simu hakuna sura ya mwanamke mwenye mvi, kuna binti yake tu, na binti yake sijui alikuwa na umri gani humo kichwani, lakini mimi huyu hakuwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wangekuja kwetu wangekoma. Kwetu aliyekuwepo ndiye asiyekuwa na lake. Na nani alimzoesha hivyo? Ni mimi, na ile simu yangu ya begani.

Ikawa ndiyo kazi. Mara tatu kwa siku nakwenda koridoni kuwa mwanawe, kisha naingia kuwa yule mwanamke. Alinisengenya kwangu mwenyewe. "Kuna mtu humu ndani. Mikono anayo, ananisuka bila kuniumiza. Lakini hasira, mwanangu! Sufuria anazibamiza utadhani zimemtukana."

"Mvumilie, mama."

"Namvumilia. Namuonea huruma. Hapigiwi simu na mtu."

Nilicheka, wallahi nilicheka, mdomo nimeuziba kwa mkono. Halafu nikaenda jikoni nikabamiza sufuria.

Jumanne moja akasukuma bakuli. "Nitakula mwanangu akija." Nikadhani ni ya siku moja. Jumatano hakugusa kitu, na vidonge akavitemea kwenye kiganja changu. Maji alikunywa kijiko kijiko. Midomo ilianza kupasuka. Muuguzi aliyekuwa akimpima alikuja, akamvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama pale pale ilipovutwa. Akaniita pembeni. "Asipokula leo, kesho asubuhi mlete alazwe. Tutampitishia mpira puani." Nilimwona mama na mpira puani, anauvuta, mikono imefungwa kitandani kwa bandeji, katikati ya watu asiojua hata mmoja ni nani. Nikasema haitatokea nikiwa hai.

Nikatoka koridoni, nikapiga. "Mama, kula. Nakuomba."

"Njoo tule wote."

"Kula kwanza, mama."

"Kila siku maneno," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani kabisa, ya kazini. "Maneno nimewaunganishia watu miaka thelathini. Nayajua yanakoishia. Mimi nataka mtu."

Nikaona njia ni moja. Sauti itangulie, sura ifuate nyuma yake, labda safari hii zitaingia pamoja. Nikafuta uso, nikavua ile aproni ninayovaa jikoni.

"Haya, mama. Nimekuja. Nipo mlangoni."

"Kweli?"

"Kweli. Usikate simu. Unanisikia? Nashika kitasa. Nafungua."

Nikafungua. Alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake, simu sikioni, uso umewaka. Sijawahi kuangaliwa na mtu kwa furaha ile, wala sitaangaliwa tena. Nikapiga hatua mbili, simu sikioni, nikasema, "Mama, ni mimi." Sauti ikatoka kinywani mwangu na kwenye simu yake kwa wakati mmoja.

Ule moto usoni mwake haukuzima. Ulinipita tu. Aliinua kiganja kunizuia, kama unavyomzuia mtu asikukanyagie sakafu uliyopiga deki.

"Ngoja kidogo, dada," akaninong'oneza. "Nazungumza na mwanangu. Ndiyo anaingia sasa hivi." Na akainamisha kichwa pembeni, apate kuuona mlango uliokuwa nyuma yangu.

Nilisimama pale. Machozi yalikuwa yananitoka mbele yake na sikuyafuta. Kisha nikarudi nyuma, nikatoka, nikavuta mlango. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Mama?"

"Sijakuona bado, mwanangu. Kaingia yule mwanamke tu." Akashusha sauti. "Analia."

"Ana nini?"

"Sijamuuliza. Kafiwa, nadhani."

"Kafiwa na nani?"

Akafikiri. "Na mama yake," akasema. "Mtu halii vile kwa mwingine."

Niliegemea ukuta. Nikasema, "Mwambie pole."

"Dada!" akaita kwa nguvu, na nikaisikia mara mbili, mlangoni na sikioni. "Mwanangu anakupa pole! Na mimi pia nakupa pole!"

Nikaziba simu kwa kiganja, nikajibu kwa nguvu, "Asante, mama!"

Kwenye simu akashusha sauti tena. "Umesikia? Kaniita mama. Nimwache?"

"Mwache."

"Haya, nimwache. Sasa sikiliza, mwanangu, usikasirike. Leo usije. Najua umeshatoka, lakini rudi. Mtu kafiwa, hawezi kuachwa ale peke yake, na mimi nikisema namsubiri mwanangu nitakuwa namtonesha. Wewe nitakuona siku nyingine. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika."

Akakata yeye. Maisha yake yote mama alikuwa akingoja mwenzake akate kwanza, lakini siku hiyo alikuwa na haraka.

Nikaosha uso jikoni. Nikapasha supu moto, nikamimina mabakuli mawili, nikaweka mkate, nikaingia. Alikuwa amesogeza kiti cha pili karibu na chake na simu ameiweka kifudifudi juu ya meza, mbali. Akachukua kijiko mwenyewe. Akanipa na mimi changu.

"Kaa, dada. Kula, usipokula utaanguka." Akanywa kijiko cha kwanza, cha pili. "Haya, niambie. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikakaa, nikamsimulia. Alikunywa bakuli zima huku akinisikiliza, na kila nilipokwama alinigusa mkono, akasema, "Pole, dada. Endelea."