Upande wa Magharibi wa Stupa ya Nelumgala

Kwa miaka kumi na tisa Premaseeli aliiona stupa ya Nelumgala, mnara mtakatifu wa Wabudha, kwa mbali tu, kuba jekundu la matofali likichomoza juu ya miti ng'ambo ya ziwa, na kila alipoiona aligeuza uso. Mumewe, Tilakaratne, alikuwa fundi mwashi pale, mmoja wa wale walioifukua kutoka msituni na kuirudishia matofali yake moja moja, hadi siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akavunjika shingo. Watu walisema alikuwa amelewa. Premaseeli mwenyewe, alipoipokea maiti, alisikia harufu ya tembo la mnazi kwenye shati. Huyu ndiye mtu aliyeapa mbele ya mtawa kwamba hatagusa kileo maisha yake yote! Alimzika harakaharaka, na mwanawe Dhanuka, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akakulia katika nyumba ambayo jina la baba halikutajwa.

Mwaka huu kazi ilikamilika, na mtawa mkuu akazialika familia za mafundi wote siku ya mwezi mpevu. Premaseeli aliukalia mwaliko ule siku tatu. Siku ya nne akafua nguo zake nyeupe.

"Nitakupeleka, mama," Dhanuka alisema, "lakini mimi sishuki kwenye bajaji."

"Ushuke usishuke, mimi nakwenda kutoa maua. Sijakuomba unibebe mgongoni."

"Kwa magoti hayo? Utaniomba tu."

Walifika jua likiwa bado pole. Premaseeli alivua kandambili, akashika mayungiyungi yake na kupita katikati ya magofu ya makao ya watawa wa kale. Nguzo za mawe zilikuwa zimeinama huku na huku, na ngazi zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu ambao hakuna tena anayewajua. Penye birika la kale tumbili alimrukia, akapokonya ua moja na kupanda nalo juu ya nguzo, akaanza kulitafuna.

"Mwache, mama!" mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake alicheka. "Naye anatafuta thawabu!"

Premaseeli alicheka pia, kisha akaona haya kwa kicheko chake, maana mbele yake stupa ilikuwa imesimama, kubwa kuliko alivyoikumbuka.

Aliweka maua madhabahuni, akaanza kuizunguka, kuba likiwa mkono wake wa kulia. Alipofika upande wa magharibi alimkuta mzee mmoja akifagia mchanga. Mzee aliinua kichwa, na fagio likamponyoka.

"Mke wa Tilaka," alisema.

Alikuwa Heenbanda, aliyekuwa nyapara wa mafundi siku zile. Wakati ule alikuwa na sauti ya kuogopesha ng'ombe. Sasa shingo ilikuwa imemnyauka.

"Kaka Heenbanda. Kumbe ungali hai."

"Ningali hai. Nafagia hapa kila siku, mwaka wa sita huu. Nimekungoja uje, tena nimeomba usije. Dada, mumeo hakuwa amelewa."

"Unasema nini?"

"Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi mbao zililowa, zikateleza. Akaniambia, nyapara, tungoje jua lizikaushe. Nikamwambia, kama unaogopa kaa nyumbani umkunie mkeo nazi. Wenzake wakamcheka. Akapanda." Mzee alionyesha kwa kidole mahali fulani juu, kwenye matofali. "Pale. Alipoanguka niliogopa kufukuzwa kazi. Nyuma ya kibanda kulikuwa na tembo la wachukuzi. Nikammwagia kwenye shati kabla watu hawajakusanyika."

Premaseeli alihisi mchanga ukimkimbia chini ya nyayo. Kumbe miaka yote ile aliyomlaumu maiti, na usiku alipogeukia ukuta akimwambia *umeniaibisha*, alikuwa akimsema mtu ambaye hakuonja hata tone.

Heenbanda akapiga magoti, akasogeza paji la uso kwenye miguu ya Premaseeli. Watu waliokuwa wakizunguka wakasimama. Ni nani aliyewahi kuona mzee wa miaka themanini akimwinamia mwanamke mdogo kwake? Premaseeli akarudi nyuma.

"Inuka! Usinisujudie mimi. Nina mtoto wa kiume. Amekua akitaniwa mwana wa mlevi, akapigana shuleni mpaka meno yakamtoka. Mwambie yeye!"

Akageuka, akaita kwa sauti ambayo pale patakatifu haikustahili: "Dhanuka! Dhanuka, njoo!"

Dhanuka alikuja mbio akidhani mama ameanguka. Viatu alivivulia njiani. Heenbanda akarudia maneno yaleyale, ya mvua, ya kejeli, ya shati, mbele ya watu wote, wala hakupunguza neno. Mishipa ya shingo ilimsimama Dhanuka. Alikunja ngumi. Mama yake hakumshika, alimtazama tu.

"Ulimcheka," Dhanuka alisema hatimaye. "Ulimcheka, ndipo akapanda."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanao."

Mzee akainamisha kichwa. "Nisameheni."

"Leo sina msamaha," Premaseeli alisema. "Nikikwambia ninao nitakuwa nasema uongo, na uongo hapa umeshatosha. Lakini nimekusikia. Siku ya sadaka ya marehemu utakuja nyumbani kwangu, na majirani watakuwepo, na utayasema tena."

"Nitakuja, dada."

Dhanuka alikwenda mpaka ukutani, chini ya mahali mzee alipopaonyesha, akaweka kiganja kwenye tofali. Lilikuwa limeanza kupata joto. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akaenda kununua taa ya udongo na mafuta, akaiwasha palepale, akiukinga moto kwa mkono mpaka ukatulia. Premaseeli alipiga magoti kando yake. Hakusema sala yoyote. Alisema, "Baba Dhanuka, niwie radhi," na machozi aliyokuwa amemnyima mumewe siku ya mazishi yakamtoka, bila kujali nani anatazama.

Walirudi mchana. Walipokuwa wakipita kando ya ziwa, Dhanuka alipunguza mwendo wa bajaji.

"Mama, hivi baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Premaseeli alijifuta uso kwa ncha ya shali. "Mbishi," alisema. "Mbishi kama wewe. Na kupika hajui, lakini utamwambia nini?"

Akaendelea kusimulia mpaka wakafika nyumbani, na hata baada ya bajaji kuzimwa waliendelea kukaa humo ndani.