Kilio cha Dakika Kumi

Nafundisha saikolojia ya kujifunza chuoni. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba tabia inayotuzwa hukua, na isiyotuzwa hufa. Nyumbani nilikuwa na wiki mbili za kulithibitisha hilo.

Likizo ya mke wangu ilikuwa inaisha Jumatatu baada ya wiki hizo, na asiporudi kazini nafasi yake angepewa mwingine. Binti yetu wa miaka miwili na nusu alikuwa akilia kila akiachwa. Mwenye kituo cha kulelea watoto alitoa sharti: siku ya majaribio, Jumatatu hiyo hiyo, akizidisha dakika tano za kilio, mrudi naye nyumbani.

Kwa hiyo kila asubuhi tulimwacha chumbani na vitu vyake vya kuchezea, nami nikakaa sebuleni na saa na karatasi. Siku ya kwanza alilia dakika thelathini na nane. Ya pili, ishirini na mbili. Jioni hiyo akaja mama mkwe, nikamweleza utaratibu: asiguswe kabla ya dakika kumi.

Siku ya tatu, kumi na moja. Nilipiga mluzi. Ya nne, kumi na moja. Ya tano, kumi na moja. Tabia inayokufa haichori mstari bapa; huendelea kushuka. Nilibadilisha betri ya saa. Nilimtuhumu mke wangu kwamba anamchungulia mtoto. Akaninunia siku mbili. Kumi na moja.

Jumamosi niliacha karatasi, nikazunguka uani. Mama mkwe alikuwa kasimama kwenye dirisha la chumba cha mtoto, mkono umepita kati ya nondo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nampa biskuti mke mwenzangu. Kwani nimevunja sheria?"

"Tangu lini?"

"Tangu nije. Ulisema asiguswe kabla ya dakika kumi. Zikitimia, ndiyo natoka jikoni. Na wala simgusi, nampitishia tu."

"Ungeniambia, mama!"

"Ungeniuliza, Profesa. Kutwa unaiuliza karatasi."

Hakukosea hata sekunde. Nilisema dakika kumi. Sikusema baada ya hapo iweje. Binti yangu alikuwa amejifunza somo lake barabara: lia dakika kumi, biskuti itakuja. Mke wangu alicheka mpaka akaikumbuka Jumatatu.

Jumatatu tulisimama nje ya kituo. Dakika ya sita mlango ukafunguliwa, mwenye kituo akatoka na binti yetu akilia.

"Baba, mchukueni. Nina wengine kumi na wanane, wote wameanza kumfuata kwa kilio."

"Mwombe dakika nne tu," mke wangu akaninong'oneza. "Si hunyamaza kwenye kumi?"

Hunyamaza akipewa biskuti. Asipopewa, atalia zaidi kuliko siku ya kwanza. Hilo nalo nalifundisha, muhula wa pili. Nilinyoosha mikono nikampokea mtoto. Alinyamaza papo hapo, akatazama viganja vyangu vyote viwili.

Mke wangu alikuwa amekwisha kutoa simu, anatafuta namba ya bosi wake.