Mpangaji wa Kifuani

Saa mbili na robo asubuhi, taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha sumaku hospitalini, chumba cha picha za MRI, ilikuwa haijawashwa. Kwenye benchi la korido alikaa mwanamke mmoja, mkoba mapajani, akijibu maswali ya mpiga picha wa chumba hicho kwa sentensi fupi. Alikuwa na sababu ya kuzifupisha. Chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, alikuwa amepandikizwa kifaa chenye ukubwa wa saa ya mkononi. Waya wake ulipanda hadi shingoni na kujizungusha kwenye neva inayokwenda ubongoni. Kwa sekunde saba kifaa kilituma umeme mdogo, kwa sekunde kumi na nane kikapumzika, kisha kikaanza tena, usiku na mchana. Kazi yake ilikuwa kupunguza kifafa, na kilikipunguza kweli. Zamani alianguka karibu kila wiki. Sasa miezi miwili ilipita bila kuanguka. Lakini neva hiyo hiyo huhudumia koo. Kila umeme ulipopita, sauti yake ilikwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni.

Yeye alikiita mpangaji.

"Umekuja na nani?" mpiga picha aliuliza.

"Na mkoba."

"Mkoba ndio utakusindikiza nyumbani?"

"Haujawahi kunitoroka."

Mpiga picha alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe.

Kabla ya mpangaji, mwanamke huyu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Baada ya upasuaji alihamishiwa stoo ya mizigo iliyosahauliwa. Stesheni ilibaki na kanda zake za zamani, kwa hiyo sauti yake safi iliendelea kutoka kwenye vipaza sauti kutwa nzima. "Dada, umejigawa," wenzake walimtania. "Huko juu unatangaza, huku chini unatafuta miavuli." Alicheka nao. Baadaye alizoea kula chakula cha mchana stoo, mlango ukiwa umefungwa.

Hilo alilivumilia. Lililomshinda lilikuwa la mama yake.

Mama aliishi kwa binti yake mdogo, mji wa mbali. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, na zilianza kutoka zile mpya. Sauti yenye mkwaruzo ilikuwa mpya. Kila Jumapili mtangazaji alipiga simu; mdogo wake akaiweka sikioni mwa mama; mama akasikiliza hadi mkwaruzo wa kwanza, akakata. "Amekata tena, dada," mdogo wake alisema baadaye, kila mara kwa upole uleule. "Anasema wewe ni tapeli."

Mtangazaji alikuwa na sumaku ya kuvaa mkononi kama bangili. Ikishikiliwa juu ya kifaa, kifaa hunyamaza mpaka iondolewe. Aliwahi kuishikilia makusudi ili azungumze na mama. Alizinduka sakafuni jikoni, ulimi umeumwa, simu imekatika. Daktari wake alisema huenda ilikuwa sadfa. Lakini mtu anayeishi peke yake hajaribu sadfa mara mbili.

Leo kifaa kingezimwa kwa amri ya daktari huyohuyo. Madaktari walitaka picha ya ubongo waone kama kuna kovu linaloleta kifafa, na kama linaweza kuondolewa. Sumaku ya mashine ni kubwa. Mtu haingizwi humo kifaa kikiwa kinafanya kazi.

Muuguzi wa kliniki ya kifafa alifika na kompyuta ndogo yenye kisomeo bapa cha kuwasiliana na kifaa. Alimvua bangili ya sumaku, akaiacha kwenye trei nje ya mlango. Alikiweka kisomeo kifuani, akahifadhi mipangilio yote, kisha akashusha umeme hadi sifuri.

"Haya, sema kitu kirefu."

"Abiria wa treni ya saa nne mnaombwa kuelekea jukwaa namba mbili. Tafadhali hakikisheni mizigo yenu yote mnayo."

Sentensi mbili zilipita bila ufa. Muuguzi alimkodolea macho.

"Kumbe ndiye wewe! Mimi nimechelewa treni kwa sauti hiyo miaka na miaka!"

"Mimi nilitangaza. Kuchelewa ni juhudi yako mwenyewe."

Walicheka. Kisha mtangazaji akasema, "Sista, kabla hujaniwasha tena, naomba nimpigie mama."

"Hapana. Picha ikiisha, nawasha. Kila dakika kikiwa kimezimwa, huna kinga."

"Najua." Hakubembeleza. Alieleza habari za Jumapili zilivyo, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ratiba. Alipofika kwenye neno tapeli, mpiga picha aliinamia nyaya ambazo zilikuwa tayari zimenyooka.

Muuguzi alifikiri. "Utapiga ukiwa umelala kitandani, vizuizi vimepandishwa, na mimi nimeshika dawa. Nikisema basi, ni basi."

"Ni basi."

Kichwa chake kiliwekwa ndani ya kizimba cha plastiki, cha aina inayoelekeza mawimbi kichwani tu, ili waya wa shingoni usipate joto. Alipewa mpira mdogo wa kubinya.

"Shingo ikichoma, binya," mpiga picha alisema. "Usivumilie kwa heshima."

Mashine ilianza kugonga. Shingo haikuchoma. Alichokiona humo ni kitu kingine: alikuwa anahesabu. Alifika kumi na nane, akangoja mguso wa mpangaji, haukuja. Akahesabu tena. Kwa miaka hiyo yote hakuna mwingine aliyemgusa kila siku, na sasa hata yeye alikuwa kimya. Alijaribu kusema "mama" taratibu.

"Dada, usiongee," sauti ya mpiga picha ilisema masikioni mwake. "Picha inatikisika."

Walipomtoa, alilala kwenye kitanda cha chumba cha pembeni. Muuguzi alipandisha vizuizi, akampa simu, akasimama karibu. Mdogo wake alipokea, akaguna kwa mshangao, na bila kuuliza akampa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, mama. Nimekupigia tu nikusalimie, nijue umeamkaje."

Muuguzi aliitazama saa.

"Kasuku?"

Lilikuwa jina la utotoni, la mtoto aliyeongea hata usingizini. Hakuna mwingine aliyelitumia.

"Ndiyo, mama. Kasuku."

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Mbona umenitupa?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani haina Jumapili? Unajua kuna mwanamke anapiga anajifanya wewe? Anaanza vizuri, halafu koo linamuumbua. Mimi namkatia!"

"Anasema anataka nini?"

"Hata hela haombi! Tapeli wa wapi huyo?"

Angeweza kumwambia ukweli. Alikwisha kumwambia mara nyingi, na kila mara simu ilikatwa.

"Hataki kitu, mama. Hana wa kuongea naye."

"Maskini. Unamjua?"

"Namjua. Akipiga tena, usimkatie. Msikilize hata kidogo."

"Kwa ajili yako, nitamsikiliza. Lakini wewe piga."

"Basi," alisema muuguzi.

"Mama, naitwa."

"Na nani?"

"Na kazi, mama. Kwaheri."

Muuguzi aliweka kisomeo kifuani na kurudisha mipangilio yote kama ilivyokuwa. Akasubiri. "Asante sana," mtangazaji alisema, na "sana" ilitoka na mkwaruzo. Alivaa bangili yake, akachukua mkoba. Majibu ya picha aliambiwa ayafuate baada ya wiki mbili.

Jumapili alipiga simu akiwa mezani kwake. Mkono wenye sumaku aliuweka mbali na kifua.

"Shikamoo, mama. Habari za—"

Mkwaruzo ulikuja. Alingoja mlio wa kukatwa.

"Wewe ndiye yule mwenye koo?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Binti yangu amesema nikusikilize. Haya, ongea. Pole pole, usijiumize."

Akaongea. Alieleza habari za stoo, miavuli, na fimbo moja ya kutembelea ambayo mwenyewe hakurudi kuifuata. Mpangaji alimkatiza tena na tena. Mama alicheka mara moja, kuhusu fimbo, akauliza huyo mtu aliondokaje.

Kisha akasema, "Ukimwona Kasuku, mwambie apige. Namsubiri."

"Nitamwambia," alisema, sauti ikikwaruza, na mama hakukata simu.